Tarakilishi isipowaka: Faili kwanza, fundi baadaye

NENO "imekufa" hutamkwa upesi mno nyumbani pindi tarakilishi inapokataa kuwaka. Mwenye mashine hubonyeza kitufe mara tatu au nne, huona skrini nyeusi, kisha huitia mashine mfukoni na kuipeleka mjini kwa fundi. Jioni hurejeshewa tarakilishi inayowaka vizuri ajabu, ila ndani haina kitu. Tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za chama, picha za mtoto tangu azaliwe, zote zimefutwa.

Aghalabu hasara hiyo haisababishwi na hitilafu yenyewe. Husababishwa na dawa iliyotolewa kabla ya ugonjwa kujulikana. Fundi mwenye foleni ya wateja anajua kwamba njia ya mkato ya kuamsha mashine ambayo mfumo wake umevurugika ni kuifomati diski na kuweka Windows upya. Kazi hiyo haihitaji uchunguzi, na mteja huondoka akiwa ameiona mashine ikiwaka kwa macho yake.

Ilhali mashine mbili zinazosemekana kuwa zimekufa zaweza kuwa na matatizo yasiyohusiana hata kidogo. Moja imekosa stima tu. Nyingine ina stima, diski yake ni nzima na kila faili iko mahali pake, isipokuwa imekwama katika hatua moja ndogo ya safari ya kuamka.

Mpangilio wa safari hiyo haujabadilika sana tangu kampuni ya IBM ilipotoa tarakilishi yake ya kibinafsi mwaka wa 1981. Kitufe kikibonyezwa, kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, huanza kugawa umeme kwa sehemu nyingine. Kisha programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye bodi kuu hukagua kumbukumbu, skrini na kibodi. Wengi huijua programu hiyo kwa jina BIOS, ingawa katika mashine za miaka ya karibuni nafasi yake imechukuliwa na ile iitwayo UEFI. Ikiridhika, hutafuta diski yenye mfumo endeshi na kuukabidhi kazi. Mfumo huo nao huziita programu za kuendeshea vifaa, moja baada ya nyingine, hadi mtumiaji anapoombwa nenosiri.

Kwa hivyo, jambo la kwanza kujua ni mashine imefika wapi kabla ya kukwama. Jibu lake ndilo linaloonyesha iwapo faili ziko hatarini, na mtu asiye fundi anaweza kulipata kwa kutazama na kusikiliza tu.

KIMYA KABISA

Mashine isiyotoa mlio, isiyo na taa hata moja na ambayo feni yake haizunguki haijaanza safari yoyote. Hapa faili karibu kila mara ziko salama, kwa kuwa diski haijaguswa.

Uchunguzi na uanzie ukutani. Taa ya mezani au chaja ya simu ikichomekwa katika soketi ile ile itaonyesha mara moja kama stima ipo. Ekstensheni huweza kuungua ndani bila kuonyesha dalili nje, na UPS ambayo betri yake imechakaa yaweza kukataa kuwaka ingawa umeme upo. Nyuma ya tarakilishi nyingi za mezani pia kuna swichi ndogo ambayo mtu anayefagia, au mtoto anayecheza, huizima bila kujua.

Baadhi ya tarakilishi za mezani za zamani, zikiwemo nyingi zilizoingizwa nchini baada ya kutumika ng'ambo, zina kidude cha kuchagua kiwango cha volti, 115 au 230. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Kidude hicho kikiwa kwenye 115, pawasaplai huweza kuungua kwa mshindo punde plagi inapotiwa ukutani. Kitazamwe kabla ya kuchomeka.

Stima yenyewe ni mshukiwa pia. Hitilafu kama ile ya Agosti 25, 2023, iliyoacha sehemu kubwa ya nchi gizani kwa saa nyingi, huihatarisha tarakilishi kwa njia mbili. Kwanza, mashine huzimika ghafla ikiwa katikati ya kuandika kwenye diski. Pili, umeme unaporudi, volti zaweza kupanda na kushuka kabla ya kutulia. Kuchomoa plagi umeme unapokatika, na kungoja dakika kadhaa unaporejea, hakugharimu chochote.

Kwa kipakatalishi, wa kushukiwa kwanza ni chaja na waya wake, hasa pale unapokunjwa kila siku. Ikiwa chaja ni nzima, ichomolewe, betri itolewe kama ni ya kutoleka, kisha kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa takriban nusu dakika. Baada ya hapo chaja pekee irudishwe na mashine ijaribiwe. Hatua hii hufanana na ushirikina, lakini ina maelezo: umeme mabaki huweza kuikwamisha sehemu inayosimamia uwashaji, na kitufe kikishikiliwa umeme huo huisha.

Jambo moja lisijaribiwe nyumbani, nalo ni kuifungua pawasaplai. Ndani yake mna kapasita zinazobaki na umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kuchomolewa. Ikiharibika, hubadilishwa nzima.

FENI YAZUNGUKA, SKRINI NI NYEUSI

Taa zikiwaka na feni ikizunguka bila chochote kuonekana, skrini ndiyo itazamwe kwanza: je, ina stima yake, na waya wake umekazwa? Tarakilishi yenye kadi ya picha huwa na matundu mawili ya kuunganishia skrini, na waya ukitiwa katika tundu lisilotumika skrini hubaki nyeusi. Kipakatalishi chaweza kuunganishwa na runinga; picha ikionekana huko, mashine ni nzima na ni skrini tu iliyoharibika.

Kama si skrini, masikio yafanye kazi. Mashine nyingi, zikishindwa katika ukaguzi wa mwanzo, hutoa milio, na nyingine humetesha taa ya kibodi. Idadi na urefu wa milio hiyo ni ujumbe, na kila kampuni ina lugha yake, ambayo hufafanuliwa katika kijitabu cha mashine au kwenye tovuti ya kampuni. Inafaa ihesabiwe na kuandikwa kwenye karatasi. Mteja anayemwambia fundi kwamba mashine hulia mara tatu kisha hunyamaza amemwokolea nusu ya kazi.

Mara nyingi milio hiyo huhusu kadi za kumbukumbu, vile vibao vyembamba vinavyojulikana kama RAM. Kadi iliyolegea kidogo yatosha kuizuia mashine kuamka, nayo hulegea kwa joto, kwa mtikisiko wa safari na kwa vumbi. Katika miji ya pwani kama vile Mombasa, Malindi na Lamu, hewa yenye chumvi na unyevu hula viungo vya chuma upesi kuliko bara. Si ajabu pia kufungua tarakilishi ya mezani na kuwakuta mende wameifanya makao, maana huwa na joto la kupendeza.

Kuzirudisha kadi hizo mahali pake ni kazi ambayo mtu mwangalifu anaweza kuifanya. Plagi hutolewa ukutani, kitufe cha kuwashia hubonyezwa ili umeme uliosalia uishe, kisha mfanyakazi hugusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiziunguze sehemu za ndani. Vibanio vya pembeni husukumwa nje na kadi huinuka. Meno yake ya rangi ya dhahabu hupanguswa taratibu kwa kifutio safi cha penseli, na vumbi la ndani huondolewa kwa brashi laini. Kadi hurudishwa kwa kusukumwa hadi vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio. Zikiwa mbili, ijaribiwe moja moja, kwani huenda moja ni nzima na nyingine mbovu.

Katika hatua hii pia faili haziko hatarini. Diski bado haijaulizwa lolote, na fundi anayetaka kuifomati kwa sababu skrini ni nyeusi hajafanya uchunguzi.

DISKI HAIPATIKANI

Hali hubadilika pale skrini inapoonyesha maandishi ya Kiingereza kwamba hakuna kifaa cha kuwashia mashine. Ujumbe huo huogofya, lakini mara kadhaa sababu yake ni ndogo. Flashi iliyosahauliwa ubavuni huweza kuifanya mashine itafute mfumo endeshi pasipo na mfumo. Ing'olewe na mashine iwashwe tena.

Sababu nyingine ni betri bapa ya mviringo, ya ukubwa wa sarafu, iliyo kwenye bodi kuu. Katika tarakilishi nyingi za mezani ni ile iitwayo CR2032, yenye volti 3. Betri hiyo huifanya saa ya mashine iendelee kwenda hata ikiwa imezimwa na, hasa katika mashine za zamani, huhifadhi pia mipangilio inayoeleza diski ya kuanza nayo. Dalili ya kuisha kwake ni tarehe kurudi nyuma miaka mingi kila mashine inapowashwa. Hupatikana katika maduka ya saa na ya vifaa vya umeme, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, ingawa huenda mipangilio ikahitaji kurekebishwa baadaye.

Lakini ikiwa diski yenyewe inatoa mlio wa kugonga, tk, tk, tk, mashine izimwe papo hapo. Diski za aina ya zamani zina sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake huelea vichwa vya kusomea, kwa mwanya mwembamba mno kuliko unywele. Mlio huo mara nyingi humaanisha kwamba vichwa vinatafuta pa kusoma na havipati. Kila jaribio jipya la kuiwasha laweza kukwaruza sehemu iliyobeba zile zile faili zinazotafutwa. Kuipiga kofi au kuitia kwenye friji, kama wanavyoshauriana baadhi ya watu, ni kuongeza madhara. Kama yaliyomo ni ya thamani, diski hiyo ni ya mtaalamu wa kuokoa data.

Diski za kisasa zisizo na sahani, zijulikanazo kama SSD, hazitoi mlio wowote. Moja yaweza kufanya kazi jana na leo isionekane kabisa. Hatari yake nyingine haifahamiki sana: mfumo endeshi huiarifu SSD ni sehemu zipi zimefutwa, nayo huzisafisha kabisa. Kwa hivyo faili zilizofutwa humo, au zilizokuwemo kabla ya kufomatiwa, mara nyingi haziokoleki tena, tofauti na diski za sahani ambako huweza kupatikana iwapo hakijaandikwa kitu kingine juu yake.

Diski ambayo haigongi, ila mfumo wake ndio umekataa kuamka, ina njia nzuri ya kuokolewa, na ni ajabu kwamba haitumiwi zaidi. Kwa kutumia tarakilishi nyingine, iwe ya jirani au ya saiba, mfumo endeshi wa bure kama vile Ubuntu hupakuliwa kutoka kwenye intaneti na kuwekwa kwenye flashi. Mashine yenye tatizo huwashwa kwa flashi hiyo, na mtumiaji huchagua kuujaribu mfumo bila kuusakinisha. Hapo hufungua diski yake kama anavyofungua kabati, na kunakili faili zake kwenye diski ya nje. Windows iliyokwama haihusishwi hata kidogo.

Njia ya pili ni kuichomoa diski na kuiunganisha na mashine nyingine kwa waya wa USB uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Vyovyote vile, kunakili kutangulie ukarabati. Hata programu ya Windows ya kukagua diski, ambayo wakati mwingine hujianzisha yenyewe, huisumbua diski inayokaribia kufa na yaweza kuimaliza kabla faili hazijatoka.

NEMBO YAONEKANA, KISHA MASHINE YAANZA UPYA

Mashine inayoonyesha nembo, ikazungusha vidoto, kisha ikageuka samawati au kuanza upya, imepita ukaguzi wa mwanzo na diski imepatikana. Kwa kawaida kinachogomba ni programu, hasa sasisho lililokatizwa na kukatika kwa stima au programu mbovu ya kuendeshea kifaa. Hapa ndipo kufomati hupendekezwa zaidi, na hapa ndipo hakuhitajiki mara nyingi.

Mfano mkubwa ulishuhudiwa Julai 19, 2024, wakati kampuni ya usalama wa mitandao ya CrowdStrike ilipotuma sasisho lenye kasoro. Kwa makadirio ya Microsoft, takriban mashine milioni 8.5 za Windows duniani ziliathirika. Safari za ndege zilifutwa, na benki na hospitali katika nchi mbalimbali zikatatizika. Skrini za samawati zilitanda kana kwamba mashine zote zimekufa kwa mkupuo, lakini tiba katika nyingi kati yake ilikuwa kuiwasha mashine katika hali ya usalama na kufuta faili moja. Tarakilishi za nyumbani kwa jumla ziliepuka, kwa kuwa programu hiyo huuzwa kwa mashirika.

Hali hiyo ya usalama, ambayo kwenye skrini huandikwa Safe Mode, huiamsha Windows ikiwa na programu chache tu zisizoepukika. Katika Windows XP na Windows 7 ilifikiwa kwa kubonyeza F8 mashine inapoanza. Katika Windows 10 na 11, mashine ikishindwa kuamka mara kadhaa mfululizo, skrini ya ukarabati hujitokeza yenyewe. Humo mtumiaji anaweza kuomba mashine ijirekebishe, kuliondoa sasisho la mwisho, au kuirudisha mipangilio ya siku iliyotangulia. Yote matatu kwa kawaida huziacha faili zake zilivyo.

Hata hivyo, skrini hiyo hiyo ina chaguo la kuirejesha mashine katika hali yake ya mwanzo, lenye milango miwili: mmoja huziacha faili na kuondoa programu, mwingine hufuta kila kitu. Maneno yake kwa Kiingereza yanakaribiana, na mtu aliyechoka saa sita za usiku huweza kuukosea mlango. Lisiguswe kabla ya kunakili.

Kikwazo kingine huwashangaza wengi. Mashine kadhaa mpya husimba diski kwa mfumo uitwao BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kutambua, na baada ya hitilafu hudai ufunguo wenye tarakimu 48. Kwa kawaida mashine ya nyumbani iliyosajiliwa kwa akaunti ya Microsoft huwa na ufunguo wake katika akaunti hiyo, ambayo hufunguliwa kwa simu au mashine nyingine yoyote. Bila ufunguo, hata ile flashi ya Ubuntu haiwezi kusoma chochote, wala fundi hodari kiasi gani. Unakiliwe kwenye karatasi wakati mashine bado nzima.

KWA FUNDI

Yapo matatizo yasiyotatulika nyumbani, na mafundi stadi hawakosekani, kuanzia Luthuli Avenue jijini Nairobi hadi katika vibanda vya miji midogo. Anayemwendea fundi aeleze alichokiona: mashine ilifika wapi, ililia mara ngapi, maandishi gani yalitokea. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu hupita maelezo marefu.

Neno la kumwambia kabla ya yote ni kwamba diski isifomatiwe bila idhini, na liandikwe kwenye risiti. Fundi mwaminifu halioni kuwa tusi. Ikiwa hitilafu ni ya stima, skrini au kumbukumbu, mteja anaweza hata kuomba diski itolewe abaki nayo, kwa kuwa kifaa hicho hakihitajiki ili kurekebisha sehemu hizo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019, lakini sheria hairudishi picha zilizokwisha kufutwa. Kipuri kilichobadilishwa nacho kidaiwe, kibovu kilivyo.

Bodi kuu ikiwa ndiyo iliyoungua, gharama ya kuibadilisha huenda ikakaribia bei ya mashine nyingine iliyotumika. Hata hapo, diski ya mashine iliyotupwa huweza kuhamishiwa kwenye mashine mpya na faili zikasomeka siku hiyo hiyo, mradi haijasimbwa au ufunguo wake upo. Visivyoruhusu hilo ni baadhi ya vipakatalishi vyembamba, zikiwemo MacBook nyingi za miaka ya karibuni, ambavyo hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi kuu. Katika hivyo hakuna diski ya kuchomoa, na bodi ikifa, kilichosalia ni nakala iliyowekwa kwingine kabla ya siku hiyo.